Kinyongo: Asili ya Neno na Mipaka ya Maana Yake

Imekuwa desturi kulifafanua neno kinyongo kwa kuliorodheshea visawe: chuki, hasira, uhasama, mfundo. Ufafanuzi wa namna hii humfaa mwanafunzi anayeanza, lakini humpotosha mtafiti na mfasiri, kwa kuwa huyafanya maneno matano kuwa neno moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kinyongo si aina ya hasira, bali ni uchungu uliohifadhiwa. Na kwamba asili ya neno lenyewe, ikichunguzwa vyema, husaidia kueleza kwa nini uchungu huo hudumu.

Yafaa kuanza na ushahidi wa sarufi. Hasira ina kitenzi kasirika. Ghadhabu ina ghadhibika. Chuki ina chukia. Hata uhasama una hasimiana. Kinyongo hakina kitenzi chake. Mtu huwa na kinyongo, huweka kinyongo, hukaa nacho miaka, pengine hufa nacho. Hasira humpanda mtu kisha zikamshuka. Kinyongo hakipandi wala hakishuki. Ni dhahiri basi kwamba lugha huichukulia hasira kuwa tukio, na kinyongo kuwa kitu chenye mahali pake ndani ya mtu. Mfundo ndio unaokikaribia zaidi, lakini nao una njia yake: fundo hufunguliwa, ilhali kinyongo hutolewa au huondolewa.

Kuhusu asili, kuna njia mbili zinazostahili kupimwa. Ya kwanza ni kulitoa neno hili katika kitenzi nyonga. Kimaumbo njia hii haina kasoro, kwani Kiswahili huunda nomino nyingi kwa kiambishi ki- na irabu -o: funga huzaa kifungo, funika huzaa kifuniko, piga huzaa kipigo. Kinyongo kingekuwa basi msokoto wa moyo. Njia ya pili ni kulitoa katika nomino nyongo, yaani maji machungu yanayotengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko kilicho chini yake. Hapa ki- isichukuliwe kuwa ya udogo tu. Kiambishi hichohicho hujitokeza katika majina mengi ya maradhi na maudhi ya mwili: kifafa, kichomi, kichocho, kiungulia, kizunguzungu. Kinyongo kingekuwa ndugu wa maneno hayo, yaani udhia utokanao na nyongo.

Umbo pekee haliwezi kukata shauri hili; matumizi ndiyo yanayoweza. Laiti kinyongo kingetokana na kunyonga, ingetarajiwa kisemwe kwa vitenzi vya kusokota na kusokotoa, kama fundo linavyosemwa kwa kufunga na kufungua. Haiwi hivyo. Kwa upande wa pili, nyongo na ini vina nafasi inayojulikana katika semi za Kiswahili. Jambo lililoharibika husemwa kuwa limetumbukia nyongo, na maneno ya kuumiza hukata maini. Kwa hiyo asili ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi.

Huenda msomi akadai kwamba wazo hili lililetwa pwani na utabibu wa Kiarabu, uliorithi kutoka kwa Wayunani nadharia ya majimaji manne ya mwili na ambao Ibn Sina (980–1037) aliueleza kwa upana. Dai hilo linakabiliwa na mambo mawili. Kwanza, nyongo ya manjano katika nadharia hiyo ni chanzo cha hasira za ghafla, wala si cha uchungu wa kudumu. Pili, neno lake la Kiarabu, safra, liliingia katika Kiswahili kwa umbo la safura, likabaki kuwa jina la ugonjwa wa mwili peke yake. Neno la moyo lilibaki kuwa la Kibantu.

Hata hivyo, haifai kuirukia hitimisho kwamba maana hii ni urithi wa Wabantu wote. Kizulu na Kixhosa vina neno inyongo lenye maana ileile ya kiungo, lakini katika matambiko ya Wazulu nyongo ya mnyama aliyechinjwa humiminiwa mtu ili kumwunganisha na wahenga wake. Huko nyongo huleta baraka. Yaelekea basi kwamba hatua ya kutoka kwenye nyongo hadi kwenye kinyongo Kiswahili kiliipiga chenyewe, na haihitaji mwalimu zaidi ya mchinjaji. Kila achinjaye ajua kwamba kifuko kile ni kidogo, kimefichika, na hakina madhara kikiwa kizima. Kikipasuka, nyama inayoguswa huwa chungu. Udogo, maficho na hatari ya kupasuka: sifa hizo tatu ndizo za kinyongo.

Umuhimu wa hoja hii haukomei kwenye etimolojia. Ikiwa kinyongo ni udhia wa mwili wa anayekibeba, basi kumwambia mtu aondoe kinyongo ni kumtaka ajitibu, aliyemdhulumu hatajwi. Dai huelekezwa kwa mdaiwa, na dhuluma ina mdhalimu wake. Kinyongo kina mgonjwa tu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, wito wa kuondoa vinyongo ulisikika mara nyingi. Wito huo ulikuwa na nia njema. Lakini aliyechomewa nyumba na kupoteza shamba alikuwa na dai, na dai likiitwa kinyongo hugeuka maradhi ya mdai. Tume iliyokabidhi ripoti yake mwezi wa Mei 2013 iliitwa ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mpangilio wa jina hilo ulizingatia jambo ambalo wito ule uliliruka.

Kwa hiyo watungao kamusi hawana budi kukitenga kinyongo na hasira, wakitaja kudumu kwake, kufichika kwake na uhusiano wake na nyongo. Nao wafasiri na wahariri wachunguze, kila walitumiapo neno hili, kama anayesemwa ana uchungu aliouhifadhi mwenyewe, au ana haki ambayo bado hajalipwa.