Atheris Yaitoa Python Kijasho

Sekunde 41! Nimezihesabu mwenyewe kwenye skrini. Fanksheni niliyoiandika mwaka jana, mistari 12 tu, niliyoipima kwa mifano 30 na yote ikapita, imeangushwa na Atheris kabla chai yangu haijapoa. Na kilichoiangusha ni alama moja: ². Ile mbili ndogo ya juu, ya mraba!

Fanksheni yenyewe inasoma ukubwa wa viwanja kwenye matangazo ya mauzo. Inaondoa herufi, nafasi na mikato, kisha inauliza kama kilichobaki ni tarakimu. isdigit ikijibu ndiyo, int inayageuza maandishi kuwa namba. Nani angeitilia shaka? Kumbe machoni pa isdigit alama ² ni tarakimu halali, lakini int inaikataa katakata na kutupa ValueError. Sasa chukua tangazo lililoandikwa "400m²". Ukiondoa m inabaki 400², na programu nzima chini! Katika mifano yangu yote 30 nilikuwa nimeandika "sqm". Nilipima kile nilichokijua, basi.

Atheris haijui unachokijua wewe, na huo ndio uzuri wake. Ni kifaa cha bure, msimbo wake uko wazi, na Google walikitoa Desemba 2020. Kazi yake ni fazi, yaani kuirushia programu maandishi ya ovyo mfululizo mpaka ianguke. Wazo ni la zamani. Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikuwa ameunganishwa na kompyuta ya kazini kwa laini ya simu usiku wa mvua ya radi. Laini ikaanza kuchomeka herufi za ajabu katika alichoandika, na programu za UNIX zikawa zinaanguka. Akawapa wanafunzi wake kazi ya kulichunguza jambo hilo, na matokeo yaliyochapishwa 1990 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 25 na 33 ya programu walizozijaribu ziliangushwa kwa takataka tu.

Sisi wa Python tumejiweka kando ya habari hii kwa miaka. Tulisema fazi ni ya watu wa C, maana kule kosa dogo linavuruga kumbukumbu ya kompyuta, na sisi tuna mkalimani anayetulinda. Anatulinda kweli, lakini hakuzuii kukosea mantiki! IndexError, RecursionError, UnicodeDecodeError: zote hizo zinaweza kuzima huduma ya mteja wako saa nane usiku, na Atheris inazihesabu zote kuwa windo.

Na haiwindi kwa kupapasa. Hapa ndipo niliposimama kwenye kiti, jamani. Kabla ya kuanza, inapenyeza alama zake ndani ya msimbo wako uliokwisha kugeuzwa kuwa baitikodi. Kila maandishi yakifika kwenye tawi jipya la programu, inayahifadhi, inayabadilisha kidogo, inayarusha tena. Hata ulinganisho inaufuatilia: mahali msimbo unapouliza kama neno ni "ekari", inaweza kuokota neno hilo hilo na kulijaribu. Chini yake kuna injini ya libFuzzer, ile ile ya watu wa C. Unachoandika wewe ni fanksheni moja, TestOneInput, inayopokea baiti na kuzikabidhi kwa msimbo unaoupima. Mistari kumi inatosha. Ikipata windo, inaliweka kwenye faili ili ulirudie upendavyo.

Kisha nikaongeza sharti: namba iliyosomwa, ikiandikwa upya, ilingane na tarakimu zilizobaki kabla ya kugeuzwa. Ikaniletea tarakimu za Kiarabu! Python inazisoma vizuri kabisa, ٤٠٠ inakuwa 400. Hiyo si kasoro. Mtu wa Muscat akiandika hivyo, programu yangu inamwelewa, na mimi sikuwahi kujua.

Yapo ya kuvumilia. Windows haimo, na kwenye Mac utahitaji kikusanyaji kingine cha clang badala ya kile cha Apple. Inasimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo unarekebisha ndipo unaendelea. Na ukisahau kuielekeza iweke alama kwenye msimbo upi, itazunguka gizani. Ni madogo hayo.

Nimeweka isdecimal mahali pa isdigit, na "m²" sasa inaondolewa kwanza. Tangazo la 400m² linasomeka. Wewe una fanksheni gani inayopokea maandishi ya watu usiowajua? Kama uko kwenye Linux, andika pip install atheris, iandikie TestOneInput yake, iache ikimbie usiku kucha, na asubuhi fungua faili utakayoikuta.