Mita 350 za Mpira Mikononi

Saa 6:30 usiku wa kuamkia Machi 19, 2011, gari la Zimamoto la Tokyo lilianza kurusha maji ya bahari juu ya jengo la Kinu Namba 3 katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani. Paa la jengo lilikuwa limefumuliwa na mlipuko siku tano nyuma, na humo juu kulikuwa na bwawa la fueli iliyotumika ambalo halikupaswa kukauka. Maji yalirushwa kwa dakika 20, kiasi cha tani 60.

Piga hesabu. Hizo ni tani tatu kila dakika. Gari lenye tangi la tani tatu lingekauka kabla dereva hajashuka vizuri. Kwetu watu hufoka kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Huenda walikuja nayo, ila tangi halishindani na moto mkubwa. Kinachoamua ni chanzo cha maji kilicho nyuma ya gari.

Wajapani walilijua hilo kwa uchungu. Tetemeko la Januari 17, 1995 lilipasua mabomba ya ardhini mjini Kobe. Wazimamoto walifungua mabomba ya barabarani yakawa makavu, huku mitaa ikiteketea mbele yao. Watu zaidi ya 6,400 walikufa katika janga lile. Desemba 1996, Tokyo ikaunda kikosi maalumu cha uokoaji, Hyper Rescue, chenye magari ya kazi ambazo gari la kawaida haliziwezi. Kikosi hicho ndicho kilichotumwa Fukushima: watu 139, magari 30.

Ufundi wenyewe ulikuwa kuigawa kazi moja kwa magari matatu. La kwanza lilisimama ufukweni kuvuta maji na kuyasukuma. La pili lilibeba mpira wa kipenyo cha milimita 150 na kuutandaza huku likitembea. La tatu, gari la mnara lenye mkono wa kukunjika unaofika mita 22, lilisogea karibu na jengo kurusha maji. Upana wa mpira haukuwa jambo dogo. Maji yakiwa ya kiasi kilekile, mpira wenye kipenyo mara mbili hupunguza upotevu wa msukumo hadi takriban sehemu moja ya 32. Kwa mpira mwembamba, pampu ingehangaika na msuguano, na maji yangefika kwenye mnara yakiwa yamechoka.

Kabla ya kuondoka walifanya mazoezi kandokando ya mto Arakawa. Lakini ukingo wa mto haukuwa na vifusi. Kwenye kinu, vifusi vya tsunami iliyokipiga kituo hicho na vya milipuko vilikuwa vimeziba njia, na gari la kutandaza mpira likakwama. Wakashuka. Kipande kimoja cha mpira ule ni mita 50 na uzito wake ni kilo 100 hivi; walivuta na kuunganisha mita 350 kwa mikono, gizani, huku vipimo vya mionzi vikisomwa kando yao. Mimi hapa ndipo ninapowavulia kofia. Gari liliposhindwa, kila mmoja alijua kiungo kinachofuata ni kipi, nacho kikaunganishwa bila ya mpango wote kuvunjika.

Uamuzi mwingine naupa uzito uleule: gari la mnara lilielekezwa, likafungwa katika mkao wake, kisha watu wakarudi nyuma. Mahali ambapo kila dakika huongeza mionzi mwilini, gari linaloweza kufanya kazi bila mtu pembeni yake huokoa hata mwokoaji. Ndiyo maana awamu ya pili ya kurusha maji iliweza kuwa ndefu. Ilianza saa 8:05 mchana wa Machi 19. Mpango ulikuwa saa saba. Wakaendelea hadi saa 9:40 alfajiri ya Machi 20, zaidi ya saa 13, na kama tani 2,430 za maji ya bahari zikawa zimepita katika ule mpira walioukokota kwa mikono.