Diski Zisizoshikika: Tunanunua Nini Tunaponunua Muziki wa Wazee Katika Intaneti?

Jambo hili tumelizungumza mara nyingi katika mikutano ya chama chetu, chini ya mwembe, lakini hatujapata kuliandika. Ni habari ya diski za zamani, zile ambazo hazitengenezwi tena, hazionekani tena sokoni, na ambazo leo zinarudi kwa mlango mwingine: unalipa, unashusha fishie katika ordinateri au katika telefone, unasikiliza. Hakuna tena diski ya kushika mkononi. Wengi wetu tulishangilia. Sisi pia tulishangilia. Lakini baada ya kununua mara kadhaa (kwetu Katanga tungesema kuuza, na anayetoa mali ndiye anayeuzisha, lakini tusiwachanganye ndugu wa pwani), tumeona ni lazima kupima vizuri kile tunachopewa kwa feza yetu.

Kwanza tuelewane juu ya neno jazz, maana ukilitafuta katika intaneti utaletewa vitu vya kila namna. Kwa wazee wetu neno hili lilikuwa karibu sawa na kusema orkestra. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953 kule Léopoldville, OK Jazz ikafuata mwaka 1956, na ndugu zetu wa Tanzania nao wakawa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Wote hao hawakupiga jazz ya Wamarekani. Walipiga rumba, cha-cha-cha, bolero, na mambo yao wenyewe. Jazz ya Marekani yenyewe ilifika pia: Louis Armstrong alipiga Léopoldville mwezi wa Oktoba 1960, na Novemba akafika hapa Élisabethville, wakati Katanga ilikuwa imekwisha kujitenga. Wazee waliomwona husimulia leso yake nyeupe kuliko tarumbeta yake. Lakini si yeye aliyebatiza orkestra zetu. Jina lilikuwa limetangulia.

Muziki ule ulitolewa na nyumba za diski za Léopoldville: Ngoma, Opika, Loningisa, Esengo, zilizoanzishwa na wafanyabiashara wa kigeni, wengi wao Wagiriki. Zilikuwa diski za mizunguko 78 kwa dakika, nzito, zenye kuvunjika kama sahani, na kila upande ulibeba dakika tatu hivi tu. Baadaye zikaja za 45. Nyumba hizo zilifungwa moja baada ya nyingine. Familia zilihama, vita vilipita, watoto walichezea diski kama vifuniko vya sufuria. Mwenye kutaka kusikia sauti ya Kabasele wa mwaka 1955 alikuwa hana pa kwenda, isipokuwa kwa mzee fulani mwenye sanduku, na mzee yule hakuazimishaka mtu.

Toka miaka ya 1990 watu wa Ulaya walianza kuzikusanya na kuzitoa upya. Ni lazima tuwashukuru, hata kama roho inauma kidogo kwamba hatukuwa sisi. Nyumba ya Sterns ya London ilitoa Francophonic, mikusanyo miwili ya Franco, mwaka 2008 na 2009, na mwaka 2013 ikatoa mkusanyo wa Grand Kallé pamoja na kitabu kizima cha maisha yake. Ndiyo kazi tunayoiita kazi: kila wimbo una tarehe yake, waimbaji wake, maana ya maneno yake. Kule Bruxelles, Planet Ilunga wanatafuta diski za 78 kwa watu binafsi, wanazisafisha, wanazitoa upya. Na kwa upande wetu wa Katanga kuna SWP ya Uholanzi, iliyotoa rekodi za Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka na mashine yake katika miaka ya 1950. Ni yeye aliyemkuta Jean-Bosco Mwenda njiani kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi Masanga. Kijana wa Bunkeya, gitaa moja, na dunia ikageuka kusikiliza Kiswahili chetu.

Sasa tatizo linaanzia wapi? CD za namna hii hutolewa chache. Zikiisha zimeisha. Kinachobaki ni fishie. Na mara nyingi, unaponunua fishie, kile kitabu kidogo hakimo. Unapata sauti bila habari. Ni kama kupewa mtoto bila jina la baba yake.

Mtu atatuambia: Mwalimu, sauti si ndiyo muziki? Tunajibu kwa mfano wetu wenyewe. Tulikuwa tunatayarisha na wanafunzi wa darasa la tano kazi juu ya nyimbo za miji ya madini. Tulitaka nyimbo za Kiswahili cha hapa, za gitaa, za miaka ya 1950. Tukaona katika duka moja la intaneti (hatutalitaja) albamu yenye nyimbo ishirini na nne, bei yake chini ya dola nane. Feza hatukuweza kuilipa sisi wenyewe, kwa sababu duka lilitaka kadi ya benki ya namna wanayoijua wao, M-Pesa hawaijui. Tukamtumia feza ndugu mmoja aliye Bruxelles, akalipa, akatutumia fishie. Kushusha peke yake kulichukua mchana wote katika cyber, na umeme ulikatika mara mbili.

Tuliposikiliza, tukaona haya. Nyimbo mbili zilikuwa wimbo mmoja uliokatwa katikati, upande A na upande B wa diski, na hakuna aliyejisumbua kuziunganisha. Wimbo mwingine ulirudiwa chini ya majina mawili. Wimbo wa nne, wenye Kiswahili kitupu toka mwanzo hadi mwisho, uliandikwa kwamba ni wa Lingala. Tarehe hakuna. Mwimbaji: jina moja tu kwa nyimbo zote ishirini na nne, hali hata sikio la mtoto linatambua kwamba waimbaji ni zaidi ya watatu.

Tukampelekea mzee mmoja wa komini ya Kenya, aliyekuwa mfanyakazi wa Union Minière, na ambaye katika ujana wake alifuata wapiga gitaa kila siku ya Mungu. Tulimwekea wimbo wa nne. Alinyamaza, akafunga macho, halafu akasema: «Mwanangu, uyu haiko ule banaandika. Uyu alikuwa anakala mu avenue yetu. Balikosa.» Akatutajia jina, akatuambia wimbo uliimbiwa nani na kwa sababu ya deni gani. Kisha akauliza swali lililotusumbua: «Na chupa iko wapi?»

Hatukuelewa mara moja. Vijana huenda hawajui kwamba gitaa la Katanga lilisindikizwa mara nyingi na chupa ya Fanta, ile yenye mistari, inayokwaruzwa kwa chuma. Ndiyo iliyokuwa ngoma yetu. Katika fishie ile chupa ilisikika kwa mbali sana, kama imefunikwa na blanketi. Tunafikiri aliyesafisha sauti alitumia programu ya kuondoa kelele za diski ya zamani, na programu ikaona mkwaruzo wa chupa ni kelele kama zile nyingine, ikaufuta. Ametakasa wimbo hadi akaua mpigaji mmoja. Hatumlaumu kwa ubaya wa roho, hakujua tu. Lakini mtu asiyejua chupa ni nini hafai kuachwa peke yake na muziki wa Katanga.

Kuna na jambo la uzito wa fishie, ambalo wanafunzi wetu walilipigia hesabu vizuri kuliko sisi. Wimbo wa dakika tatu katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde unakuwa karibu megabaiti 3. Wimbo uleule, katika ubora wa CD bila kupunguzwa kitu, unafika karibu megabaiti 32. Mara kumi na zaidi! MP3 inapunguza kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inadhani sikio halitazisikia. Kwa kucheza katika harusi inatosha. Kwa kuhifadhi haitoshi, maana kilichotupwa hakirudi tena, na ukinakili MP3 kuwa MP3 nyingine unatupa mara ya pili. Wenye maduka mazuri wanakuachia uchague, wanatoa pia FLAC, ambayo inakunja fishie bila kutupa chochote. Kwa mwenye intaneti ya kupima kwa megabaiti kama sisi, FLAC ni gharama. Hata hivyo tunashauri chama kinunue FLAC mara moja, kiitunze, na watu wajinakilie MP3 kutoka kwake.

Wengine wanauliza, kwa nini albamu mbaya kama hizi ni nyingi na za bei rahisi? Sababu moja ni sheria. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi ya sauti ililindwa miaka 50 tu. Mwaka 2011 waliongeza ikawa 70, lakini nyongeza hiyo haikufufua rekodi zilizokuwa zimekwisha kutoka katika ulinzi. Kwa hiyo karibu kila kilichotolewa kabla ya mwaka 1963, maana yake Ngoma, Opika, na Loningisa yenyewe ya OK Jazz ya kwanza, mtu yeyote kule anaweza kuinakili na kuiuzisha bila kumwomba ruhusa mwenye rekodi. Lakini mtunzi wa wimbo ni habari nyingine. Haki yake inabaki: kule miaka 70 baada ya kufa kwake, na kwetu, kwa sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, miaka 50. Franco alikufa Oktoba 1989, Bosco Mwenda mwaka 1990. Hesabuni wenyewe. Watoto na wajukuu wao bado wana haki. Na hapa ndipo jina lililoandikwa vibaya linapokuwa wizi hata kama hakuna aliyekusudia kuiba: feza inafuata jina. Mjane wa yule jirani wa mzee wetu hawezi kudai kitu kwa SOCODA wala kwingine, maana katika karatasi mume wake hakuimba wimbo ule.

Tusijisafishe lakini. Sisi ni nani wa kuhukumu? Nenda sokoni, utaona vijana wenye ordinateri wanajaza muziki katika karti za telefone kwa franka chache, Tabu Ley juu ya Fally, hakuna jina la mtunzi, wimbo unaitwa «Track 07» au «Zilipendwa 3». Walimu wenyewe tunapanga foleni pale. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu wote, tukapiga makofi, tukacheza, na kesho yake tukarudi kwa kijana wa karti. Mzungu aliyefanya kazi mbaya na kijana wetu wa sokoni wanafanana: wote wawili wamechukua sauti wakaacha watu.

Kwa hiyo, tukiulizwa kama inafaa kununua fishie za albamu zilizopotea, tunajibu ndiyo, inafaa, lakini si kila mahali. Sisi sasa, kabla ya kutoa feza, tunatazama kama muuzaji ametaja namba ya diski ya kwanza. Kama kuna namba, basi kuna mtu aliyeishika diski mkononi. Kama hakuna, huenda ni nakala ya nakala. Tunauliza pia kama kitabu kidogo kinatolewa pamoja na fishie. Wengine wanacho, hawakionyeshi mpaka uwaandikie. Na rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba yake aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, leo iko Grahamstown ambayo wameiita Makhanda, Afrika Kusini, pamoja na maelezo aliyoyaandika mwenyewe siku ya kurekodi. Yana makosa, ndiyo, Kiswahili chetu hakukijua sana. Lakini ni makosa ya mtu aliyekuwapo.

Jambo moja tumelianza, na tunawaomba wasomaji wa Likasi, Kolwezi na Kalemie watusaidie. Kila albamu chama inayonunua, tunaisikiliza pamoja na wazee wawili au watatu, siku ya posho baada ya saa kumi. Mwanafunzi mmoja anaandika: nani anaimba, nani anapiga, lugha gani, wimbo unasema nini, ulitungwa kwa ajili ya nani. Wazee wakibishana, na wanabishana sana hadi siku moja bakora iliinuliwa, tunaandika maoni yote mawili. Hadi leo tumemaliza nyimbo kumi na saba. Mzee wa chupa alitupa tisa kati ya hizo; mwezi wa pili alipelekwa hospitali, na tangu hapo hazungumzi vizuri.

Wale wenye duka tuliwaandikia, kwa Kifaransa, kwa heshima, tukawaeleza makosa yote ya albamu yao na kuwatajia jina la mwimbaji wa wimbo wa nne. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, fupi, la kushukuru. Tulipotazama tena, wimbo uliorudiwa ulikuwa umeondolewa, na bei imebaki ileile. Wimbo wa nne bado una jina la mwingine, na bado ni wa Lingala.