Aliyeuza Nyumba na Mtambo Umo Ndani

Bei tuiache, wengine wameshaipigia kelele vya kutosha. Dola milioni 34 ambazo tajiri Alice Rogoff aliilipa kampuni ya magazeti ya McClatchy mwaka 2014 ili alichukue gazeti la Anchorage Daily News la Alaska zilikuwa nyingi mno, lakini tajiri akinunua ghali hasara ni yake. Kosa lisilo na utetezi ni la kuuza nyumba ya gazeti, ile ya Northway Drive, iliyokuwa na mtambo wa kuchapia ndani yake.

Mtambo wa kuchapia gazeti haubebwi kwapani. Umefungwa kwenye zege, una njia zake za roli za karatasi, mabomba yake ya wino, na ukanda wa kusafirisha nakala hadi kwa wafungaji. Ukitaka kuuhamisha, unaufumua kipande kwa kipande, na gazeti la kila siku halikupi likizo ya kufanya hivyo. Sasa mama huyu akaiuza nyumba kwa GCI, kampuni ya simu, huku mtambo ukinguruma ndani yake kila usiku! Akawa mpangaji katika karakana yake mwenyewe. Ahadi ilikuwa kwamba mtambo mwingine ungefungwa kwenye jengo la Arctic Boulevard kabla ya kufukuzwa. Kazi ile haikukamilika. Kodi ikalimbikizwa, GCI ikaenda mahakamani kudai nyumba yake, na Agosti 2017 gazeti likaomba hifadhi ya sheria ya muflisi.

Watetezi wake huniambia alihitaji fedha taslimu. Sawa, lakini mpangilio wa hatua je? Fundi yeyote wa ofseti angemwambia: funga mpya, uchape majaribio, rekebisha rangi, zima wa zamani, halafu ndipo uuze paa. Yeye alianzia mwisho. Mimi nimewahi kusimama saa nane usiku na pleti za ukurasa wa kwanza mkononi, nikimngoja mwenye mtambo amalize vipeperushi vya mteja aliyelipa vizuri kuliko mimi. Magari ya usambazaji yaliondoka asubuhi, habari imeshachacha. Tangu siku ile nguo ya kuazima siiamini, na wahenga walishasema inachoshindwa kusitiri.

Na Anchorage somo hili lilikuwepo, tena lilishalipiwa. Kay Fanning, aliyebaki na gazeti hili hili peke yake mumewe Larry alipofariki 1971, alilazimika 1974 kuingia mkataba na hasimu wake, Anchorage Times ya Robert Atwood: Times ichape, iuze matangazo, isambaze, yeye abaki na chumba cha habari tu. Alifanya hivyo kwa ufukara, wala hakujidanganya kwamba ni ujanja. Na kamba hiyo hiyo shingoni, chumba chake kidogo kikatwaa tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma mwaka 1976 kwa kukifichua chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Kisha akapigana kujinasua, hadi McClatchy walipoingia 1979 na mitaji. Times ikafa 1992. Mwanamke mmoja alitoka kwenye upangaji kwa jasho. Mwingine, mwenye mamilioni, akarudi kwa hiari yake. Nitapewa jina la mzee anayeng'ang'ania wino, na nalipokea.

Rogoff kulibatiza gazeti Alaska Dispatch News nako kulikuwa upuuzi, jina la tovuti yake kubandikwa juu ya jina ambalo wavuvi na wachimba mafuta walilikariri. Waandishi, kwa haki, waliendelea kuandika vizuri muda wote huo, na mwaka 2020, pamoja na ProPublica, walitwaa Pulitzer nyingine kwa uchunguzi wa vijiji visivyo na polisi.

Familia ya Binkley kutoka Fairbanks ililinunua gazeti mahakamani kwa dola milioni moja, na Novemba 2017 ikalirudishia jina lake. Nyumba haikuwemo.