Shahidi na Mtunzi: Mintarafu ya Lugha za Programu katika Kamusi Elezo

Ubishi uliozuka mwaka 2011 katika Wikipedia ya Kiingereza kuhusu Nemerle, lugha ya programu za kompyuta, wastahili kuangaliwa na wanaisimu. Ilipendekezwa makala ya lugha hiyo ifutwe, kwa hoja kwamba watu wasiohusika nayo hawajaiandikia vya kutosha. Watetezi wake walijibu kuwa lugha ipo, inafanya kazi, na inao watumiaji.

Jibu hilo ni dhaifu. Lugha ya binadamu, hata ikibakiwa na wasemaji kumi, ilikuwapo kabla ya mwanaisimu kufika. Anayeieleza siye aliyeiumba. Lugha ya programu ina mtunzi, na kwa hiyo imekaribiana na diwani kuliko lahaja. Kuwapo kwake pekee si sifa, na mtunzi anapoieleza kazi yake hawezi kuwa pia shahidi wake.

Basi kanuni ya kudai shahidi asiyehusika ni ya haki. Wanakamusi wa Kiswahili wanaifahamu: neno likionekana katika kamusi ya Madan ya 1903 na tena katika ile ya Johnson ya 1939, hao si lazima wawe mashahidi wawili, kwani Johnson alijenga juu ya msingi wa Madan.

Kosa huingia pale shahidi anapotafutwa mahali pamoja tu. Akitafutwa magazetini na katika vitabu vya madukani, zitakazopita ni zile lugha zinazotangazwa na makampuni tajiri. Nemerle ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Wrocław, Polandi, na lugha za vyuoni aghalabu huacha nyayo zao katika makala za mikutano ya kitaaluma na katika kazi za wabunifu waliofuata.

Aidha, mabishano juu ya idadi ya watumiaji huificha hoja iliyo nzito zaidi. Katika Nemerle, maneno ya msingi kama yale ya sharti na ya kurudiarudia hayakufungiwa ndani ya kiini cha lugha. Yameundwa kwa makro, na mtumiaji naye aweza kuunda yake. Sehemu ya sarufi, kwa maneno mengine, imekabidhiwa msemaji. Makro zilikuwapo katika Lisp tangu miaka ya 1960; uzito wa Nemerle ni kuzileta katika lugha ya jukwaa la .NET inayokagua aina za data kabla programu haijaendeshwa. Hilo ndilo linaloweza kupimwa na mhakiki.

Hukumu yenyewe pia haina budi kuwa ya muda. Mwaka 2012 kampuni ya JetBrains iliwaajiri watengenezaji wakuu wa Nemerle, jambo ambalo waamuzi wa 2011 wasingeweza kulijua.

Kwa hiyo Nemerle yastahili makala, lakini fupi, isiyovuka mipaka ya ushahidi. Nao watungao kamusi elezo kwa Kiswahili hawana haja ya kuuliza lugha inapendwa na wangapi. Swali la kuuliza ni hili: nani mwingine, katika kueleza jambo lake mwenyewe, amelazimika kuitaja? Akipatikana, lugha iingizwe, asipopatikana, ingoje.