Kisigino cha Soksi na Ukingo wa Kitambaa: Jinsi ya Kuupima Mkono wa Mfumaji

Anayetaka kujua uwezo wa mfumaji asianze na sweta. Sweta lina eneo pana la vitanzi vinavyofanana, na jicho hupumzika humo: linavutwa na rangi, na nakshi ya kifuani, na wingi wa kazi yenyewe. Aombe aonyeshwe soksi ya mtoto mchanga, au kitambaa cha kuoshea vyombo. Ubora wa ufumaji hauko katika upana. Uko pale kazi inapobadilika, yaani inapoanza, inapopinda, inapoungana na inapofungwa. Katika sweta sehemu hizo ni chache ukizilinganisha na maelfu ya vitanzi vinavyozizunguka, ilhali katika soksi mkono hauendi mbali kabla ya kutakiwa kufanya jambo jingine. Kwa hiyo kazi ndogo humfundisha mwanafunzi mengi kwa uzi mchache, na kwa sababu hiyo hiyo humfichulia mnunuzi mengi kwa muda mfupi.

Pale Kasenga, huko Katanga nchini Kongo, ukingoni mwa mto Luapula, hoja hii haina haja ya kutetewa mbele ya mtu anayejua nyavu. Mji huo ulikua kwa samaki. Wafanyabiashara Wagiriki waliwanunua hapo na kuwapeleka Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na kwenye kambi za migodi, umbali wa kilomita zipatazo 200, na hadi leo mto ndio unaowalisha wengi. Wavu wa mkono hufumwa kwa kuzungusha uzi kwenye kibao chenye upana mmoja, ili kila jicho lilingane na mwenzake. Hakuna anayelazimika kuutandaza wavu mzima ili auhukumu. Inatosha kushika macho machache, kuyavuta huku na huku kuona kama fundo linateleza, kisha kukagua pale wavu unapofungwa kwenye kamba. Siku hizi nyavu nyingi ni za nailoni na zimetoka kiwandani, lakini kiwanda hakizibi tundu lililochanwa na kisiki. Kuziba tundu ni kazi ya upana wa mikono miwili tu, nayo inadai ujuzi wote: kujua uzi upi ukatwe na upi uachwe, uanzie fundo gani, uishie wapi ili jicho la mwisho litoshe bila kuvutwa. Asiyejua atapatia katikati na kukwama pembeni.

Sindano mbili na uzi wa sufu zilikuja Katanga kwa njia nyingine. Lubumbashi uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kweli. Mtoto anayezaliwa majira hayo anahitaji kofia, kijikoti na soksi. Misheni na vituo vya akina mama, vile vilivyoitwa kwa Kifaransa foyers sociaux, ndivyo vilivyoeneza ufumaji huu wakati wa utawala wa Wabelgiji, katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière na katika miji mingine. Hapa pana pingamizi la haki. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu kituo cha namna hiyo kule Usumbura (Bujumbura ya leo), alionyesha kwamba mafunzo hayo yalikuwa na shabaha ya kumtengeneza mke wa nyumbani kwa mfano wa Kibelgiji. Mume alifundishwa kazi ya mshahara, mke alifundishwa sindano na pasi. Ni kweli, na haipaswi kufichwa. Lakini kosa la mpango ule lilikuwa kumfungia mwanamke katika kazi hiyo na kuiita pambo la nyumba. Kazi yenyewe haikuwa duni. Anayeitazama soksi ya mtoto kama jambo dogo la kike anairudia dharau ile ile ya wakoloni, na zaidi ya hayo anakosea kuhusu ugumu wake.

Tuanze na kitambaa, maana ndicho kinachofaa zaidi bonde la Luapula, ambako joto halimpi mtu sababu ya kuvaa sufu. Namna bora kwa mwanafunzi ni ile inayoanzia kwenye pembe. Anaanzisha vitanzi vinne, na katika kila mstari anaongeza kimoja kwa kuuzungusha uzi kwenye sindano karibu na ukingo, mpaka upana utimie. Kisha anapunguza kimoja kimoja hadi arudi kwenye vinne na kufunga. Katika mraba wa sentimita 20 au 25 amejifunza kuanza, kuongeza, kutoboa kwa makusudi, kupunguza na kumaliza. Mnunuzi naye akikunje kutoka pembe hadi pembe, kwenye mstari ule mpana wa katikati. Nusu mbili zikilingana, mkono ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nusu ya pili ikiwa pungufu, mfumaji alianza kuubana uzi alipochoka au alipoharakisha. Vitundu vya ukingoni viwe na ukubwa mmoja, na pembe ya mwisho iwe kali kama ya kwanza. Aangalie pia muundo: mistari yote ikifumwa kwa kitanzi cha usoni, kitambaa hutulia bapa na pande zake mbili hufanana. Kikiwa na uso laini upande mmoja na kingo zinazojiviringa, mfumaji anajua kufuma ila hajui kuchagua, na kuchagua ni sehemu ya ufundi. Mwisho, adondoshe tone la maji. Pamba hulinywa, akriliki huliacha likae juu, na tena hulainika na kuharibika ikigusa sufuria ya moto. Kitambaa cha akriliki, hata kiwe kizuri namna gani, ni kitambaa kibaya.

Soksi inadai mengi zaidi, na ndiyo maana nakaa nayo. Mfano wake ni wa zamani mno: miongoni mwa kazi za kale kabisa za ufumaji wa sindano zilizobaki duniani zimo soksi za pamba za buluu na nyeupe kutoka Misri, zilizofumwa karne nyingi kabla ya sindano hizo kufika huku kusini mwa bara letu. Shika kwanza mdomo wake. Uvute, uachie, urudi mahali pake bila kulegea. Uzi wa mwanzo kabisa unyumbuke sawa na sehemu inayofuata, kwa kuwa mwanzo uliokazwa utaacha alama kwenye mguu wa mtoto. Kisha inue soksi kwenye mwanga. Soksi hufumwa kwa duara, vitanzi vikiwa vimegawanywa kwenye sindano tatu au nne, na pale sindano moja inapopokezana na nyingine mkono mchanga huacha mwanya unaopanda juu kwa mstari ulionyooka. Mwanya huo haujitokezi katika sweta la vipande viwili vilivyoshonwa, kwa hiyo mtu anaweza kufuma masweta miaka mingi bila kujua kwamba anao.

Halafu kisigino. Hapo mfumaji anaacha nusu ya vitanzi visubiri, anafuma nusu nyingine kuwa kibapa, anakipindisha kwa mistari mifupi inayogeuka kabla ya kufika mwisho, kisha anaokota vitanzi pembeni na kurudi kwenye duara. Tazama pembe mbili ambapo kibapa kinakutana na mgongo wa mguu: tundu dogo hapo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, nalo hupanuka kila soksi inapovaliwa. Hesabu vitanzi vilivyookotwa kushoto na kulia. Vikitofautiana, kisigino kitaelekea upande mmoja, na soksi itazunguka mguuni. Kwenye vidole, pitisha kidole gumba. Fundi huunganisha vitanzi vya juu na vya chini kwa sindano ya kushonea, uzi ukifuata njia ya kitanzi chenyewe, hata usihisi mahali pa kuungana. Tuta gumu hapo humuumiza mtu mzima ndani ya kiatu. Mtoto mchanga hawezi kusema.

Sasa igeuze ndani nje, na hapa usimwonee mtu haya. Ncha za uzi ziwe zimefichwa ndani ya vitanzi kwa sentimita kadhaa, zikienda na kurudi, bila fundo. Kama soksi ina rangi mbili, nyuzi zinazopita nyuma zisiwe ndefu, kwani kidole cha mtoto kinaweza kunaswa na uzi ukazuia damu. Soksi yenye nakshi ya kupendeza nje na nyuzi zinazoning'inia ndani haistahili bei yoyote. Mwisho weka mbili pamoja, na usiamini macho: hesabu mistari ya mguu. Kwa anayejifunza, soksi ya pili ndiyo mtihani, kwa sababu ya kwanza inaweza kutokea kwa bahati.

Wapo watakaosema kwamba vitu vidogo huzaa mafundi wadogo, kwamba uvumilivu na mkono usiobadilika hupimwa na kazi ndefu. Wana hoja. Vyama vya wafumaji wa Strasbourg na Alsace, huko Ulaya, zamani vilimdai anayetaka kuwa fundi mkuu alete zulia lenye nakshi. Lakini hata wao hawakuridhika na zulia. Walitaka pia kofia na soksi au glavu. Kazi kubwa huthibitisha kwamba ujuzi unadumu. Haiufundishi ujuzi wenyewe. Aliyekosea kupunguza katika kitambaa hufumua jioni moja na kurudia, lakini aliyekosea kwenye bega la sweta amekwisha tumia uzi wa wiki kadhaa, na mara nyingi ataliacha kosa lilivyo kwa sababu gharama ya kulisahihisha inamshinda. Ndiyo maana namshauri anayeanza awekee kila kipande kidogo jambo moja jipya tu, na asiliache mpaka alipatie mara mbili mfululizo.

Pingamizi la mwisho ni la soko. Mashine ilianza na soksi: William Lee alibuni yake Uingereza mwaka 1589, na leo soksi za kiwandani na za mitumba zinauzwa bei ambayo mkono hauwezi kuifikia. Kwa soksi ya mtu mzima sina la kubisha. Kwa mguu wa kichanga cha Julai, unaohitaji mdomo usiobana, unene kwenye kisigino na kipimo chake mwenyewe, mkono bado una nafasi, mradi uifanye kazi vizuri. Na mnunuzi ana wajibu wake: akikuta kisigino kisicho na tundu na ndani iliyo safi, asidai kupunguziwa bei kwa kisingizio kwamba kitu ni kidogo. Akioshe kwa maji ya uvuguvugu, akitandaze bapa badala ya kukitundika, na asipitishe pasi ya moto juu ya akriliki, maana ikishalegea kwa joto hairudi tena.