Amri Hii Anaitoa Nani?

Chukua ofisi ndogo ya Mji wa Kale, Mombasa, inayoweka kwenye tovuti yake picha za milango ya nakshi ya Ndia Kuu. Picha ikipakiwa, skripti ya PHP huiita ImageMagick ipunguze ukubwa wake. Fundi akiandika amri ile ile kwenye terminali, picha inapungua. Ikiitwa na tovuti, kimya. Wengi hapo huanza kuikagua amri herufi kwa herufi, ilhali imeshathibitika kuwa nzima. Kilichobadilika ni mwenye kuitoa. Tangu nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, si ajabu fundi kuwa Ndia Kuu na seva ikawa Frankfurt, lakini akiingia huko huingia kwa jina lake, na mipangilio yake yote humfuata. Tovuti haina bahati hiyo. Kwenye Ubuntu, Apache hufanya kazi kwa jina la www-data, asiyesoma faili la .bashrc la fundi, na ambaye tangu toleo la 21.04 hawezi hata kuchungulia folda ya nyumbani ya fundi huyo.

Kwa hiyo dawa ni kukisemesha kile kimya. Kazi ya PHP ya shell_exec hurudisha tupu amri ikishindwa, na pia ikifaulu bila kuandika neno, basi jibu lake si ushahidi. Ongeza 2>&1 mwisho wa amri ili malalamiko yaje pamoja na matokeo, kisha tumia exec, inayotoa namba ya kumalizia. Namba 127 ni programu kutoonekana, hivyo andika njia kamili, /usr/bin/convert. 126 ni ruhusa ya kuiendesha kukosekana. Halafu jaribu kwa jina la mhusika mwenyewe: sudo -u www-data env -i /bin/sh -c, na amri yako baada yake. Hapo ndipo watu hugundua pia kwamba /bin/sh ya Ubuntu si bash, ni dash, na baadhi ya maandishi ya bash haiyaelewi.

Atatokea wa kusema haya ni marefu: piga chmod 777, au mpe www-data sudo, kazi iishe. Kweli, mara nyingine itaisha. Lakini Mei 2016 ilifichuliwa kasoro ya ImageMagick iliyowezesha picha yenye hila kuendesha amri za mvamizi ndani ya seva, na mvamizi huyo hupata ruhusa zile zile ulizomgawia www-data. Tena 777 haitibu kila kitu. Picha ikiitwa ng'ambo.jpg na jina likafungwa kwa alama moja moja za kunukuu, ile alama ya ng' hukata nukuu katikati na dash hugoma. Kiswahili chetu kimejaa majina ya namna hiyo. Mwingine atauliza kwa nini kuita amri ya nje wakati PHP ina maktaba ya Imagick. Hoja hiyo ina uzito, na kwa picha tupu ningeifuata. Ila si kila programu ina maktaba yake, na kwa zisizo nayo, tangu PHP 7.4 proc_open hupokea amri kama orodha, jina la faili likapita lilivyo bila kuguswa na dash.